Maharagwe ya Masika

Julai, vichaka vinaungua nyuma ya Ruashi.
Juu ya bati la maabara nimetega kichujio,
duara jeupe, pana kuliko kiganja.
Jioni nakiteremsha
kimekuwa cheusi kama sufuria ya bukari.
Mashine haimuulizi mtu moshi umetoka wapi.
Hupima kaboni, nzito kando, nyepesi kando.
Jana ilisema: nyasi.
Leo inasema: mti. Kuna mtu anachoma makala.

Masika amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananitazama.
Huku jina lake ni mvua; kwao ni la binti tu.
Alifika kutoka Goma na fundo la kitenge,
ndani maharagwe thelathini na moja.
Mengine yaliliwa njiani.

Nilimwomba moja, nikalisaga.
Nikamweleza: mvua ni mchukuzi.
Huondoka ikweta na maji mazito na mepesi,
mazito yanaichosha, inayatua kwanza,
na kadiri inavyokwenda mbali
inabaki na mepesi.
Mmea hunywa ulichopewa, kisha huandika.
(Nikaongeza, kwa haki, kwamba mlima nao una lake,
kiangazi kina lake,
na kati ya digrii yenu moja na hizi zetu kumi na moja
kalamu hutetemeka.)

"Kumbe hata mvua huchoshwa na mizigo," akasema.

Yaliyobaki akayapanda kando ya kichuguu,
maji ya kisima, kopo asubuhi, kopo jioni,
akiyafunika kwa magunia usiku wa baridi.
Oktoba tukavuna. Nikasaga tena.
Zambarau ileile, madoa yaleyale,
ila ndani Goma haimo.
Oksijeni yote ni ya kisima cha mtaa wetu.
Msimu mmoja tu!

Sikutaka kumwambia.
Aliusoma uso wangu kabla ya karatasi.
Akafungua kilemba, akachomoa unywele,
akaunyoosha mezani kama uzi unaotafuta tundu la sindano.
"Pima na huu. Lakini anzia nchani."

Nikauosha, nikaukata vipande kwa rula,
mwezi mmoja, sentimita moja, au karibu na hapo.
Usiku kucha mashine ikanguruma.
Kutoka shinani, sentimita tano za kisima chetu.
Ya sita, sijui; mashine nayo haikujua.
Halafu, hadi nchani,
bado kulikuwa kunanyesha Goma.