Kuamsha Ili Kulaza

Saa nane kasorobo usiku, Brno, Januari.
Radka anachomoa waya ukutani
na kuhesabu kimoyomoyo: moja, mbili.
Skrini inafifia. Feni inashusha pumzi.
Mfumo umekwisha pata habari
kwamba sasa tunakula akiba.

Viini vinane vya kichakataji
vilikuwa vikikimbia kama vinadaiwa.
Amri inapita: punguzeni.
Kasi ishuke kwanza, volti ifuate,
maana ukitanguliza volti, mkimbiaji huanguka njiani.
Siku ya kupanda ni kinyume:
kwanza uji, ndipo jembe.

Ila kiini cha tano kimelala.
Si kusinzia. Ni ule usingizi wa chini kabisa,
taa imezimwa, mapigo hayasikiki.
Nacho amri kinaihusu,
wala hakuna wa kukipokelea;
kila kiini hujiandikia kwa mkono wake.
Basi hugongewa:
Amka.
Kuna nini?
Lala zaidi.

Radka anacheka peke yake jikoni.
Mama yake, Vlasta, muuguzi wa zamu ya usiku,
miaka thelathini na mmoja wodi ya mifupa,
alikuwa akiwashika bega wazee wanaokoroma
awape dawa ya usingizi.
Daftari limesema saa tano, ni saa tano.
Mara moja tu alimhurumia mmoja, fundi wa tramu,
akaandika *amepewa*
na kidonge akakitia mfukoni mwa aproni.
Saa tisa yule mzee aliamka akilia kwa maumivu,
na zamu nyingine, ikisoma daftari,
ikamwambia: subiri, wewe umeshapata.

Hapo kicheko kinakatika.

Wiki nzima ametafuta kwa nini
betri za watu huisha kabla ya adhuhuri
kila wanapofunga kompyuta na kuifungua.
Sasa anaona.
Kuna mtu, zamani, alikihurumia kilicholala.
Hakukigongea. Akaandika tu: *kimeambiwa.*
Kikaamka na kasi ya jana,
kikakimbia peke yake, saba wakitembea,
na kila aliyeuliza alionyeshwa daftari.

Anafuta mistari kumi na miwili.
Anaandika minne:
kilicholala kiachwe;
iandikwe *bado*;
kikiamka chenyewe, kabla ya kushika kazi,
kisome.

Anachomoa tena, anachomeka, anachomoa.
Namba zinashuka, zote nane.

Saa nane kamili.
Kwenye chumba cha nyuma Vlasta amelala chali,
mdomo wazi, nyonga mpya chini ya blanketi.
Radka amesimama mlangoni,
kidonge kiganjani, glasi ya maji mkono wa pili.
Anasikiliza pumzi ile kwa muda mrefu
kuliko ilivyohitajika.

Kisha anarudi jikoni,
na kwenye karatasi iliyobandikwa frijini,
mstari wa saa nane,
anaandika, kwa herufi kubwa, neno moja:
BADO.