Mvuke wa Isyonje

Jumamosi, darasa la kipaimara, madirisha yamefungwa kwa baridi,
Ambakisye, mwana wa fundi baiskeli, akanyosha kidole:
"Mwalimu, moyo naujua, unadunda.
Akili naijua, ndiyo inayokosa hesabu.
Nguvu ninazo, jana nimebeba ndoo mbili za viazi hadi barabarani.
Sasa hiyo roho,
mtu anampendaje Mungu kwa roho?"

Nikakohoa.
Nikafungua kitabu, nikakifunga.
Nikasema tutalijibu wiki ijayo,
kama wasemavyo wote wenye madeni.

Nikashuka kilima na swali lake kiatuni,
kokoto ndogo, kila hatua inajitambulisha.

Nyumbani yupo mama.
Atuganile binti Mwakalobo,
miaka ishirini na sita mweka hazina wa usharika,
aliyeweza kukwambia sadaka ya Jumapili ya mafuriko
na nani alitumbukiza kifungo badala ya sarafu.
Leo hanijui.
Ananiita Tumwimike, dada yake aliyekufa kwa surua,
ananiuliza kama nimemfunga ndama,
ndama wa enzi za mkoloni.

Akili imeondoka kama mgeni asiyeaga.
Nguvu zimebaki za kushika kikombe cha uji,
tena kwa mikono miwili.
Moyo nao, daktari ameniambia, umetanuka,
unasukuma kwa kusuasua kama pampu ya kisima chetu.
Nikapiga hesabu alivyonifundisha mwenyewe, mistari miwili chini ya jumla:
toa akili,
toa nguvu,
toa moyo.
Mezani kimebaki nini?

Kina mama wa usharika walinifariji:
wazee husahau vyote, nyimbo za kanisani hawazisahau.
Mama amezisahau.
Nilimwanzishia ule alioupenda, akaniambia nisipige kelele, kuna mgonjwa.

Ila usiku mmoja, mvua inachapa bati,
nilimsikia akisema gizani, kwa Kinyakyusa safi, bila kukwama:
"Baba, mbona umeniacha na mwanamke huyu nisiyemjua?"

Mwanamke huyo ni mimi.

Nililia, sitaficha. Nililia hadi kuni zikazima.
Kisha, alfajiri, nikiwa napuliza majivu,
likanijia jambo:
hakumuuliza Tumwimike. Hakumuuliza ndama.
Katika nyumba ambayo kila uso umekuwa wa mgeni
bado alijua pa kupeleka mashtaka.

Kulipopambazuka nikamtoa nje aote jua.
Juni hiyo, sakitu imelala juu ya majani ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.
Nikamkalisha kwenye kigoda, blanketi mbili, soksi za marehemu baba.
Na pumzi yake ikaonekana.
Wenzetu wa Kyela, kule kwenye joto, hawalijui hili:
huku kwetu mtu akipumua, unaona.
Ilitoka nyeupe, ikapanda, ikayeyuka juu ya bati.
Ikafuata nyingine.
Hakuituma. Hakuipangia siku wala saa.
Ilikwenda bila bahasha, bila stakabadhi,
wala haikurudi kudai chenji.

Mama, mweka hazina,
hakuna daftari la kuandika hiyo.

Jumamosi iliyofuata niliwatoa watoto nje, kumi na mmoja,
nikawapanga ukutani wakitetemeka, nikawaambia watulie,
kila mmoja atazame mdomo wa mwenzake.
Kimya. Lori la mbao likapita kuelekea Mbeya.
Mbele ya kila uso kikawingu kidogo, kinakuja, kinakwenda.

Ambakisye akanuna:
"Mwalimu, mbona huo ni mvuke tu?"
"Ndiyo," nikamjibu. "Sasa jaribu kuuzuia."

Wakafunga midomo, wakabana pua, wakavimbisha mashavu,
wakatazamana, macho yamewatoka, wanacheka kwa mabega.
Mmoja mmoja wakashindwa.
Ambakisye alikuwa wa mwisho.