Maharage Matatu

Walitugawia maharage matatu kila mtu,
mekundu, ya Walungu, bado yana vumbi la gunia,
na mezani vikombe vitano vya plastiki
vimebandikwa karatasi:
Mashine ya mionzi. Chanjo ya mabinti.
Dawa ya maumivu. Maabara. Utafiti.
"Wekeni pale taifa lianzie,"
alisema bwana aliyeshuka kwa ndege ya asubuhi kutoka Kinshasa.
Mvua ya Bukavu ikapiga mabati,
akarudia mara tatu, na mara ya tatu
hata yeye hakuonekana kujisikia.

Mimi ni mtunza daftari. Si muganga.
Miaka kumi na minne naandika saratani kwa biki ya buluu:
jina, umri, kartie, sehemu ya mwili,
na kulia kabisa, safu nyembamba
ambayo hakuna aliyenituma niichore:
hakurudi.

Nsimire wa Kadutu, muuza sambaza, titi la kushoto.
Kipande chake kilivuka Ruzizi
ndani ya chupa ya mayonezi iliyozungushiwa bande,
mapajani mwa dereva tunayemwamini.
Jibu lilirudi wiki ya saba.
Ni mimi niliyepanda ngazi za udongo kulipeleka,
nikakuta viti vya kukodi vinapakiwa.
Mume wake aliipokea bahasha kwa mikono miwili,
akaniuliza kama kuna deni.

Basi la kwanza, Maabara.
Lilianguka kikombeni, tok,
sauti ndogo kuliko nilivyotaka.

Papa Cirhuza wa Bagira, koo.
Alilia usiku hadi majirani wakaongeza redio,
si kwa chuki, walikuwa na watoto wa kulaza.
La pili sikulifikiria.
Mkono ulikwenda wenyewe.

La tatu ndilo lililonitoa jasho.
Muganga Ntakwinja alininong'oneza: utafiti, dada,
tusipojihesabu tutahesabiwa na wengine,
kwa kukisia, wakiwa mbali.
Mkunga Faida akanishika kiwiko:
mtoto wa miaka kumi hana kiti humu ndani,
mwekee yeye.
Na mbele yangu kikombe cha mashine, kimejaa, kinang'aa,
maana kila mmoja wetu ana mtu
aliyeuza shamba kwenda kutafuta mionzi ng'ambo.

Wote walisema kweli. Hapo ndipo hasira iliponipanda.
Kwa nini matatu?
Nani alipima gunia kabla halijafika kwetu,
kwenye meza gani, na kibaba chake kina ukubwa gani?
Haba na haba hujaza kibaba, tumefundishwa.
Kibaba ni cha nani, hilo hatukufundishwa.

Nilifumba kiganja. Sikuweka.

Wakahesabu, wakaandika ubaoni, tukapiga makofi,
soda zikapita.
Kisha kijana mmoja, bila ubaya wowote,
akavimimina vikombe vyote ndani ya mfuko mmoja,
chanjo juu ya maumivu, maabara juu ya mionzi,
akaufunga fundo.
Kesho ni zamu ya Uvira.
Ubaoni tarakimu zilibaki,
lakini mfukoni hakuna harage
lililokumbuka kikombe chake.

Asubuhi mlango ulikuwa na watu kabla sijafungua.
Cibalonza wa Cimpunda, miaka thelathini na tisa,
kitambaa kimekunjwa mara nne mkononi,
anajibu kila swali haraka
kama mtu anayeogopa kunipotezea muda.
Niliandika jina. Niliandika umri, kartie, sehemu.
Nikafika kwenye ile safu ya kulia
na biki yangu ikasimama.

Nikatoa harage mfukoni,
nikaliweka pale, juu ya nafasi yake nyeupe,
kama tunavyoacha bidoni kwenye foleni ya bomba:
msisogeze,
mwenyewe anakuja.