Bei ya Alhamisi

Bei naiandika kwa chaki kwenye mlango wa lori.
Rangi haifai. Mwaka huu hakuna namba
inayolala mahali pamoja siku mbili.

Robota la nyasi: riali moja na baisa mia nane.
Wiki jana lilikuwa moja na mia tatu.
Shayiri: nimeacha wazi.
Meli imekawia Sohari, nami siuzi harufu ya gunia.

Hapa Sinau soko huamka kabla ya jua.
Mbuzi wanazungushwa duarani, kamba shingoni,
na mabwana waliochuchumaa hawanyanyui hata kidole.
Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, tuliambiwa.
Kamba tunazo, ndefu, za nailoni, kutoka Dubai.
Kilichofupika ni cha kuliwa.

Musallam ameshuka kutoka mchangani na mbuzi watatu.
Mwaka juzi mbuzi mmoja alimpatia marobota arubaini,
akaondoka pikapu imeinama nyuma.
Leo amemuuza mmoja kwa riali kumi na nane.
Ananyoosha noti, nami nampa kumi.
Anayatazama. Anawatazama wawili waliobaki.
"Basi hawa," asema, "wanamla mwenzao."

Namjibu kwa Kiarabu, maneno ya subira.
Bei naitaja kwa Kiarabu; hasara
naihesabu kwa Kiswahili cha mama yangu,
aliyekuja huku kutoka Unguja na sanduku moja
akanifundisha moja mpaka mia kwa kokwa za tende.
Kokwa hizo sasa watu wanawachemshia ng'ombe.
Na dagaa wakavu wa Masira. Na maboksi:
nimeona kwa macho yangu ng'ombe akitafuna
boksi la ndizi, taratibu, kama anayesoma.

Sijifanyi msafi. Nanunua Batina kwa mkulima
ambaye kisima chake kimeanza kutoa chumvi.
Yeye ananipandishia, dereva ananipandishia,
na mimi naongeza mia mbili zangu juu.
Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi?
Njooni Sinau mwone nyasi zikilipiza.

Saa tatu lori lilikuwa tupu.
Akaja Ghaliya binti Saad, barakoa imefifia,
foronya ya mto mkononi.
Yeye haulizi bei. Kila Alhamisi
hufagia sakafu ya lori, makapi na vumbi la majani,
akayachukua bure, nami nikamshukuru kwa usafi.
Leo Rafikul, kijana wangu wa kazi, alisimama na ufagio
akanitazama mimi kwanza.
Makapi alikwisha yatia guniani:
mtu wa pikapu nyeupe ametoa baisa mia tano.

Sikusema neno.
Ghaliya akaikunja foronya mara mbili, mara nne,
kama nguo iliyoanuliwa,
akauliza mguu wa mama unaendeleaje.
Unaendelea vizuri, nikasema. Anakusalimu.

Alipokwenda nilirudi mlangoni pa lori.
Chini ya nyasi, chini ya shayiri isiyo na bei,
nikaandika: Makapi, gunia.
Mbele yake sijaweka namba.
Rafikul anangoja.
Chaki imebaki kipande cha ukucha.