Pindo la Magamba

Nakata tiketi dirisha la pili, kivuko cha Kamanga,
na chini ya meza, ndani ya mfuko wa sembe,
limo blanketi la mjukuu ambaye bado hana jina.
Katikati limekwisha. Limebaki pindo.

Pindo ndilo hunitoa jasho.
Ruka tundu moja, ruka la pili,
la tatu litie vitanzi vitano, vyote humo humo,
viache vitanuke: gamba.
Ruka mawili, funga. Ruka mawili, gamba tena,
mpaka ukingo mzima uwe kama ubavu wa sato
aliyetoka majini sasa hivi, kisu hakijamwona.

Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita.
"Mama, mbili, na baiskeli."
Nakata mbili, nakata ya baiskeli, narudisha chenji,
nashika sindano: kumi na ngapi?
Au na baiskeli nimeihesabu?

Uzi huu ulikuwa sweta.
Nililiokota Mlango Mmoja, chini kabisa ya rundo,
kijani cha magugu maji, kiwiko kimetoboka;
muuzaji akauliza ni nani huyo nitakayempika kwa joto lote hili.
Nikalifumua usiku, mkono wa kwanza, wa pili, kifua,
uzi ukatoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa jana.
Nikauosha, nikautundika na kijiwe cha Igogo chini yake
hadi ukasahau kwamba uliwahi kuwa kiwiko.

Kwandu yuko ng'ambo, Sengerema, miguu imevimba.
Anapiga simu: mama, kona zisiwe kali, zitamkwaruza.
Mwanangu hajui kona.
Kona haitaki ukali, wala haitaki ubahili.
Gamba la kona litie vitanzi saba;
ukilipunja, blanketi zima linakunja mabega
kama mtu aliyenyimwa nafasi kwenye benchi.
Nilijifunza hilo kwa kufumua upande mzima
siku ile magugu yalipoziba gati,
kivuko kikakaa majini saa tatu bila kusogea,
na watu wakanijia dirishani kana kwamba niliyapanda mimi.
Nilifumua huku nikiwajibu. Pole. Bado. Pole.
Nyingine nilikuwa nauambia uzi.

Masanyiwa wa getini alichungulia:
"Magamba! Na akiwa wa kiume?"
Nikamwambia, sato akishafika mezani,
umewahi kumuuliza?

Jana nimemaliza kona ya nne.
Chombo cha mwisho kilipoondoka nikalitandaza mezani,
nikalipitia kwa tochi ya simu kama mkaguzi wa nauli.
Magamba mia moja na kumi na mawili.
Moja lina vitanzi sita. Moja vinne.
Na upande wa tatu niliruka matundu matatu badala ya mawili:
pengo dogo, kidole cha mtoto kinapita.

Nikashika ncha nivute.
Kuvuta ni rahisi, uzi unapenda kurudi ulikotoka.

Lakini hapa kwenye sita alisimama mama na kuku kapuni
akitaka kujua kuku analipa ngapi.
Hapa kwenye vinne nilisinzia, sikatai.
Na hapa penye pengo gari la wagonjwa lilikuja kimya,
king'ora kimezimwa,
geti likafunguliwa, hakuna aliyedai tiketi,
nami nikasimama na sindano mkononi mpaka likapanda.
Sikujua nani alikuwa ndani.
Hadi leo sijui.

Nimeacha.
Nimeunga ncha kwa ncha, nikaupitisha mkia wa uzi
chini ya magamba matatu, nikakata kwa meno.

Kesho kutwa sitakuwa dirishani.
Nitapanga foleni na wenye dagaa na wenye pikipiki,
nitainama kwenye kile kitundu cha kioo, niseme:
moja, mkubwa.
Mfuko haulipiwi.
Bei nazijua.