Saba kwa Tatu, Tisa kwa Nne

Banda la kubangua korosho, Newala, barabara ya Kitangari.
Mimi ndiye karani. Yangu ni mizani na daftari.

Sikudhani Mchopa alikaa saa moja asubuhi,
akapaka majivu vidoleni, akaanza.
Saa nne akainuka: zamu ya maji haimngoji mtu,
na ndoo zake zilikuwa foleni tangu usiku,
kila moja na jiwe lake ndani.
Kilo saba.

Adelfina Nambunga alianza naye, kigoda kwa kigoda,
akaendelea hadi saa tano.
Kilo tisa.

Msimamizi akatazama daftari, akatazama doti ya khanga
iliyoning'inia msumarini tangu Jumatatu.
"Tisa na saba," akasema, "hata mtoto anajua."
Vigelegele. Khanga ikashuka.

Hata mtoto. Lakini mimi nilipita kwa Mwalimu Nandonde,
mwenye chaki fupi na hasira ndefu:
"Usinipe idadi tupu, wee!
Kwanza niambie, kwa muda gani?"
Nikachana kipande cha boksi, nikaandika kwa mkaa.

Saba kwa tatu. Tisa kwa nne.
Saba mara nne, ishirini na nane.
Tisa mara tatu, ishirini na saba.

Katikati nikaweka ile alama yenye mdomo,
ambayo siku zote huachamia kikubwa.
Ikamwachamia Sikudhani.

Tofauti yenyewe chembe. Wangebangua saa kumi na mbili
bila kuinua kichwa, ingewatenga kilo moja.
Lakini kilo moja ni kilo moja,
nami usiku ule sikulala vizuri kwa ajili yake.

Kesho yake nikampelekea boksi.
Akalitazama kama risiti ya deni la mtu mwingine.
"Saa kumi na mbili? Nani kakwambia ninazo?"
Adelfina akacheka, khanga mpya kiunoni,
akanyoosha mkono kuomba majivu, akapewa.
Wakaendelea, ta, ta, ganda likipasuka,
mafuta yake yakila ngozi polepole,
vidole ishirini vyeusi,
na hapo alama ni ile ya vijistari viwili, sawa kwa sawa.

Kisha Sikudhani, bila kunitazama:
"Na wewe, karani, jana ulibangua ngapi?"

Nikageuza boksi upande usioandikwa.
Sifuri kwa saa nane.
Pembeni yake nikaanza kuandika ujira wangu wa siku,
na chini yake wao,
nikaishia kwenye tarakimu ya kwanza.
Nilishajua mdomo ungeachamia wapi.

Mkono wangu nao ulikuwa mweusi, wa mkaa.
Nikaenda nyuma ya banda kunawa.
Kata moja tu ya maji, ukatoka wote.