Kiko Kimeoshwa

Muhenna mkwe sikia, Ibra naja na lawama,
kiko nilikuachia, cha Bahla, udongo mwema,
kwenye sabuni 'katia, ukakisugua vyema!
Kiko hakioshwi maji, hufutwa kwa taratibu.

Miaka sita navuta, kuta zikawa nyeusi,
harufu ikajikita, kama tende ya khalasi,
leo moshi ukipita, wanuka dobi na pasi.
Kiko hakioshwi maji, hufutwa kwa taratibu.

Cha mpingo hakitaki moto mwingi wa haraka,
kipe siku, hakichoki, kilale kupumzika,
tangu Lindi hakinuki, kwa ufuta nakipaka.
Kiko hakioshwi maji, hufutwa kwa taratibu.

Cha shaba, Nizwa sokoni, riali tatu nalipa,
hukuchoma mdomoni kama umbea wa pupa,
kwa ndimu, jivu la kuni, hung'aa kupita chupa.
Hata hicho, si kwa maji, hufutwa kwa taratibu.

Zuwena ananijuza, ulikesha hadi fajri,
mswaki ukipenyeza, ukidhani ndiyo heri.
Basi, hasira napoza. Kahawa yenu ni nzuri.
Kiko hakioshwi maji, hufutwa kwa taratibu.

Vuta mkeka, tuanze: nusu bakuli, si tele,
chini laini ujaze, kileleni bana pole,
miaka sita tukuze, masizi yarudi yale.
Sabuni irudi bafu. Kiko, mkwe, taratibu.